Mikroni Tatu

Saa nyeusi zimejaa mjini. Panda matatu yoyote asubuhi watu wakienda job, angalia mikono iliyoshika vyuma vya juu, uanze kuhesabu. Zamani kidogo kijana akipata doo yake ya kwanza alitaka saa inayong'aa, ionekane mpaka ng'ambo ya barabara. Siku hizi anataka isiyong'aa kabisa. Kasha jeusi, ukanda mweusi, hata bizimu nyeusi. Na muuzaji pale Luthuli Avenue atakushikia hiyo saa mbele ya macho na kukuambia kwa sauti ya daktari anayetoa majibu ya vipimo: "Hii ni ya komando, bosi. Haichubuki."

Hilo neno "haichubuki" ndilo limenikalisha chini kuandika. Kwa sababu saa nyingi nyeusi za chuma hazijatengenezwa kwa kitu cheusi. Chini ya ule weusi kuna chuma cheupe kama kijiko cha mama. Ulichonunua ni kijiko kilichovaa koti. Sasa, je, koti ni uongo? Ukifunika kitu mpaka kionekane kitu kingine, umekilinda au umedanganya? Na kama ni vyote viwili, nani anayepaswa kulalamika?

Tuanze na koti lenyewe, maana watu huongea juu ya "rangi" kana kwamba kuna mtu alisimama na brashi. Hakuna brashi. Kasha la saa huingizwa ndani ya chumba cha chuma, hewa inanyonywa mpaka panabaki ombwe, halafu kipande cha metali, mara nyingi titaniamu au kromiamu, kinapigwa kwa nguvu ya umeme mpaka chembe zake zinabanduka na kuruka kama mvuke. Ndani ya chumba hicho wanaingiza gesi kidogo. Zile chembe zinakutana na gesi, zinaungana nayo, zinatua juu ya kasha na kuganda. Hiyo ndiyo inaitwa PVD. Kitu kinachonifurahisha ni kwamba titaniamu ikikutana na nitrojeni peke yake, inatoka rangi ya dhahabu. Ukiongeza gesi yenye kaboni, rangi inazidi kukolea kuelekea weusi. Mashine inaweza kuwa ile ile na kasha lile lile. Bling na komando ni ndugu wa tumbo moja, wametofautiana tu hewa waliyovuta siku ya kuzaliwa.

Kuna koti lingine la bei zaidi, DLC, yaani kaboni iliyolazwa juu ya chuma kwa mpangilio unaofanana kwa sehemu na ule wa almasi. Si almasi. Chembe nyingine humo ndani zimeshikana kama kwenye almasi, nyingine kama kwenye risasi ya penseli. Lakini ni ngumu kweli. Chuma cha kawaida cha saa, ukikipima kwa kipimo cha Vickers, kinapata takriban 200. DLC inaanzia kwenye 1,000 na kupita hapo kwa mbali. Hutumika kwenye wembe na kwenye sehemu za injini zinazosuguana, kwa hivyo si hadithi za wauzaji.

Unene sasa. Makoti haya huwa ya mikroni moja hadi tano hivi. Tuseme tatu. Unywele wa kichwa chako una kama mikroni 70. Kwa hivyo kile kinachotenganisha komando na kijiko ni kitu chembamba kuliko unywele mara ishirini na zaidi.

Wahenga wa pwani walikuwa na msemo juu ya kikasha cha mapambo: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Nimeusikia msemo huo ukitumika kusuta watu, hasa wasichana waliojipodoa, na sijawahi kuupenda kwa kazi hiyo. Kwenye saa hata haufiki, kwa sababu DLC nzuri haiogopi maji wala jasho. Inaogopa kitu kingine. Chukua yai la kuchemsha, gonga ganda kwa kijiko. Ganda lenyewe ni gumu, lakini chini yake pako laini, kwa hivyo linapasuka likiingia ndani. Saa nyeusi ikigonga ukingo wa mlango wa matatu, inaweza kupata hivyo hivyo: mpako haujashindwa na mkwaruzo, ni chuma cha chini kilichobonyea, na mpako ukakosa pa kusimama. Kampuni ya Sinn ya Frankfurt ilitafuta dawa yake: kwanza wanakigumisha chuma chenyewe upande wa juu, halafu ndipo wanaweka weusi. Ni akili ya fundi mwashi yeyote. Huwezi kupiga plasta juu ya udongo mbichi halafu ukamlaumu plasta.

Lakini jambo lililonigusa zaidi katika kusoma habari hizi si ugumu wa koti. Ni kwamba chuma hakikuwa uchi. Chuma kisichoshika kutu huitwa hivyo kwa sababu ndani yake mna kromiamu, asilimia 10.5 au zaidi, na hiyo kromiamu ikiguswa na hewa inatengeneza utando juu ya chuma, mwembamba mno, wa nanomita chache, hauonekani kwa macho. Ukikikwaruza, utando unakatika, hewa inaingia, na utando unajiziba wenyewe. Bila fundi, bila malipo. Chuma kina ngozi. Na ngozi hiyo inapona.

Mpako mweusi hauponi. Ukikwaruzika mpaka chini, unatoka mstari mweupe unaopiga kelele kuliko mikwaruzo mia kwenye saa ya kawaida, na huwezi kuugusia kidogo pale pale. Lazima mpako wote uondolewe na kasha lipakwe upya. Saa isiyopakwa inapokea mikwaruzo mia na inazeeka polepole kama kiatu. Saa iliyopakwa ni safi, safi, safi, halafu siku moja imeharibika. Kwa hiyo ukiniuliza ni ipi "imelindwa", nitakuuliza imelindwa dhidi ya nini. Kama ni dhidi ya kuguswa, ni ile nyeusi. Kama ni dhidi ya aibu ya kuguswa, ni ile nyeupe.

Nilisoma usanifu wa majengo kwa miaka miwili, kabla ya ada kutuachanisha mimi na chuo, na kitu kimoja nilichotoka nacho bila deni ni ugomvi wa zamani juu ya kufunika. Mwingereza John Ruskin, katika kitabu cha mwaka 1849 kuhusu taa saba za usanifu, alikasirishwa na mbao zilizopakwa zionekane marumaru. Aliuita udanganyifu, tena wa kimaadili, si wa macho tu. Lakini aliacha mlango mmoja wazi. Dhahabu iliyopakwa kwenye jengo, alisema, si uongo, kwa kuwa hakuna anayedhani jengo zima ni la dhahabu. Dhahabu iyo hiyo ikipakwa kwenye kipuli cha sikio ni uongo, maana hapo watu hudhani. Mpako ni ule ule. Kilichobadilika ni kile mtazamaji ana haki ya kukiamini.

Miaka karibu hamsini baadaye, mwaka 1898, Adolf Loos kule Vienna akaandika sheria fupi zaidi. Funika utakavyo, ila kifuniko kisifanane na kinachofunikwa hata watu wakavichanganya. Mbao unaweza kuzipaka rangi yoyote duniani isipokuwa rangi ya mbao.

Tuwapeleke hawa wazee wawili Luthuli. Saa ya chuma iliyopakwa nyeusi, kwa sheria ya Loos, imepita mtihani: hakuna chuma cheusi namna hiyo, kila mtu anajua kimepakwa. Saa ya dhahabu ya kuchovya imeanguka, kwa Ruskin. Nilipofika hapo miaka ile nilidhani mambo yamekwisha. Yangekuwa yamekwisha kama watu wangejua. Tatizo ni kwamba sasa kuna saa nyeusi ambazo ni nyeusi mpaka ndani. IWC walitoa Da Vinci yenye kasha la kauri ya zirkonia mwaka 1986. Omega wakatoa Speedmaster nyeusi tii ya kauri mwaka 2013 na kuipa jina la upande wa giza wa mwezi. (Speedmaster zilizofika mwezini mwaka 1969 zilikuwa za chuma kitupu, kasha jeupe, lakini tuache.) Kauri hiyo inatiwa rangi ikiwa bado unga, kabla ya kuchomwa, kwa hivyo ukiivunja, ndani ni nyeusi pia. Kwa macho ya mtu wa kawaida, ya kauri na ya kupakwa zinafanana. Basi ghafla weusi wa mikroni tatu unaweza kuchukuliwa kuwa weusi wa mpaka ndani, na mtihani wa Loos unabidi ufanywe upya kila mara kiwanda fulani kikigundua kitu. Mpako haukubadilika hata kidogo. Umegeuka uongo, au nusu uongo, kwa sababu ya jirani aliyehamia.

Hapa ndipo naona wengi tunakosea tukizungumza juu ya ukweli wa kitu, au wa mtu. Tunatafuta uongo ndani ya mpako. Hauko humo. Uko katika maneno yanayouzwa pamoja nao, na zaidi katika maneno yanayonyamaziwa.

Nipe nafasi nieleze. Geuza saa ya bei rahisi, soma mgongo wake. Mara nyingi utakuta maneno haya ya Kiingereza: "Stainless steel back". Mnunuzi anasoma maneno mawili ya kwanza, anatulia. Neno la tatu ndilo lenye habari. Linasema kwamba mgongo ni wa chuma kisichoshika kutu. Mgongo. Halisemi kitu juu ya kasha, na kasha lenyewe mara nyingi ni mchanganyiko wa zinki, au shaba ya njano, uliochovywa. Kila neno pale ni kweli. Ungempeleka muuzaji kortini, angeshinda. Na bado umepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tena kwa mgongo wa saa.

Sasa weka pembeni yake saa ya zamani ya dhahabu ya kuchovya, zile za wazee waliostaafu. Nyingi, ukiangalia nyuma au karibu na pale ukanda unaposhikia, utaona pamechongwa namba: mikroni 10, au mikroni 20. Yaani kiwanda kimekuambia, mimi si dhahabu, mimi ni koti la dhahabu, na koti lina unene huu. Ruskin angeikemea saa hiyo na mimi ningemkatalia. Ile namba inabadilisha kila kitu. Mtu aliyekuambia unene wa koti lake hajakudanganya, hata koti likiwa la dhahabu na yeye ni shaba. Saa nyeusi za leo, hata za laki kadhaa, ni nadra sana kuchongwa namba kama hiyo. Utaambiwa "almasi", utaambiwa "komando", utaambiwa "maisha yote". Mikroni ngapi? Kimya.

Ndiyo maana wasee wa rika langu wakiniuliza nini kinaruhusiwa kwenye CV, mimi huwa na jibu moja. Andika miaka. Yangu imeandikwa chuo, kozi, mwaka wa kuingia na mwaka wa kutoka, na ni miwili, na hakuna neno "shahada" popote. Kuna mhariri aliniambia nitoe hiyo mistari kabisa kwa sababu inaniangusha. Nikabaki nayo.

Kuna mtu atasema, hii ni saa bwana, si Katiba. Nani anaumia? Kwa hilo nina jibu la ngozi, si la falsafa. Saa za kuchovywa mara nyingi huwa na nikeli, ama ndani ya metali ama kama tabaka chini ya rangi ya juu. Rangi ikiisha, jasho linaifikia nikeli, nikeli inaingia kwenye ngozi, na mtu aliye na mzio anapata upele wa duara pale pale saa inapokaa. Rafiki yangu wa kike alitembea na alama hiyo karibu mwaka mzima akiambiwa ni sabuni. Wazungu wa Umoja wa Ulaya walilitungia hili sheria mwaka 1994, na jinsi walivyoitunga inanifurahisha kuliko vitabu vingi vya maadili. Waliweka kikomo cha nikeli inayotoka, mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita mraba kwa wiki, kwa vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu. Halafu wakasema, kama kitu kimefunikwa, kifuniko lazima kiweze kushikilia kikomo hicho kwa angalau miaka miwili ya matumizi ya kawaida. Hawakupiga marufuku kufunika. Waliuliza: unafunika nini, na kitadumu mpaka lini? Nikiulizwa kutunga amri ya kumi na moja, ningeanzia hapo.

Tumefika kwenye wazo ambalo kizazi chetu kinalipenda mno, kwamba cha kweli ni kile kilicho sawa nje na ndani. "Mimi niko hivi nilivyo." Kauri mpaka ndani. Naelewa mvuto wake. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na sisi tumechoka na milango. Tumekulia kwenye mji ambapo basi lililooza sakafu linapigwa grafiti mpya na kurudishwa barabarani. Lakini kauri ina tabia yake. Haikwaruziki karibu na chochote utakachokutana nacho, ila ikianguka vibaya kwenye sakafu ya mawe inaweza kupasuka, na kasha lililopasuka halipigwi msasa. Linabadilishwa zima. Nawajua watu wa namna hii pia. Hawana mkwaruzo hata mmoja kwa miaka, nje ndani kitu kimoja, na siku wakianguka hakuna kipande cha kuokota.

Mimi, kwa ushamba wangu, navutiwa zaidi na G-Shock. Kikuo Ibe wa Casio alianza kuifikiria baada ya saa aliyopewa na baba yake kuanguka na kuvunjika, na ya kwanza ikatoka mwaka 1983. Ile nayo imevaa koti, lakini koti la plastiki nene, jeusi lote, linalojua kwamba kazi yake ni kugongwa. Likichoka unalifungua, unavalisha jingine, na saa haijaguswa. Hakuna anayedai kwamba lile koti ndilo saa, na hakuna anayedai kwamba si sehemu yake. Adabu ni hivyo pia. Mtu amefiwa Jumapili, Jumatano yuko kaunta ya benki anakuuliza nikusaidie nini. Amefunika. Amekudanganya? Ukimwambia "kuwa mkweli", wewe ndiye mwenye shida.

Halafu kuna swali la kile weusi wenyewe unachosema. Mwaka 1972 Ferdinand Alexander Porsche, yule aliyechora gari la 911, alitengeneza saa ambayo wengi huitaja kama ya kwanza kutoka nyeusi yote, kasha na bangili. Sababu yake ilikuwa ya dereva. Dashibodi ya gari ilikuwa nyeusi, mishale nyeupe, ili mwanga usimrukie mtu machoni. Akauliza kwa nini saa isiwe hivyo. Weusi ule ulikuwa na kazi. Miaka kumi na minne baadaye Tom Cruise akaivaa saa hiyo kwenye filamu ya Top Gun, na nadhani hapo kazi ilianza kugeuka vazi. Kufika mwaka 2006, Hublot wanatoa saa nyeusi yenye uso mweusi na mishale myeusi, na wanajivunia kwamba ni vigumu kuisoma. Yaani kitu kilichoanza ili usomaji wa saa uwe rahisi kimeishia kwenye saa usiyoweza kuisoma. Sicheki sana. Najua vijana wanaovaa hizo za komando za elfu moja mia tano na hawana vita yoyote isipokuwa kodi ya nyumba tarehe tano. Wanataka kuonekana watu wasioweza kuchubuliwa. Kwa mji huu, hiyo si tamaa ya kijinga. Ninachokataa ni kuuziwa hiyo tamaa kwa mikroni tatu na mtu anayejua ni tatu.

Sijamaliza. Kuna kesi moja inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu humo hakuna muuzaji wa kulaumiwa.

Mjomba wangu aliendesha lori njia ya Mombasa hadi Malaba kwa zaidi ya miaka ishirini, akiwa na saa moja ya chuma. Alipofariki ikaenda kwa binamu yangu, mtoto wake wa kwanza, ambaye amepata kazi ya ofisi Upper Hill. Saa ina mikwaruzo ambayo hujapata kuona. Binamu akaamua kuipaka nyeusi. Nikapinga, tena kwa ukali. Nikamwambia ile mistari si yako kuifuta, kuna mtu aliyeichuma. Akanijibu: "Sasa wewe unataka nivae kifo cha mzee kila siku nikienda mkutanoni?" Nikanyamaza kidogo, maana si jibu la kupuuzwa.

Watu wana maoni tofauti juu ya mwenye mamlaka hapa. George Bamford wa London alijenga jina kwa kuzipaka nyeusi Rolex za watu, jambo ambalo Rolex wenyewe hawalitambui. Ukishabadilisha, dhamana yao imekwisha. Baadaye, mwaka 2017, akaanza kufanya kazi hiyo kwa ruhusa, ila kwa chapa nyingine. Mwenye saa anasema ni yangu. Kiwanda kinasema jina lililo usoni ni langu. Kila upande una hoja. Lakini hakuna aliyewahi kuuliza habari ya mtu wa tatu, yule aliyeivaa katikati.

Nilitegemea Anti, mjane wa mjomba, awe upande wangu. Aliposikia alisema bila hata kuacha kuchagua mchele: "Paka. Yeye mwenyewe lori lake alikuwa akilipaka rangi kila Desemba." Halafu akaongeza kwamba mzee hakuwahi kuipenda ile mikwaruzo. Alikuwa akiisugua kwa dawa ya meno Jumamosi usiku ili aende nayo kanisani. Sisi tusiokuwepo ndio tulioigeuza kumbukumbu.

Tukaenda na binamu kwa fundi mmoja karibu na River Road, mzee wa lenzi jichoni, asiye na haraka. Akaishika saa, akaizungusha, akatuuliza tunataka nini hasa. Binamu akamwambia anataka ifunikwe, mistari ipotee. Fundi akacheka. Akasema mashine ya mpako wa kweli hana, alichonacho ni kopo la rangi ya kupuliza na hiyo hataki kumwekea mtu. Lakini hata ungekuwa na ile mashine, akasema, mpako wa kweli haufichi kitu. Ni mwembamba mno. Unalala juu ya chuma kama shuka jepesi juu ya mtu, kila mfupa unaonekana. Mkwaruzo ukiwa chini, utakuwepo juu, sasa ukiwa mweusi. Wanaotoa saa nyeusi laini wanaanza kwa kukikwangua au kukipiga mchanga chuma kwanza, mpaka kila alama imeondoka, ndipo wanapaka. Akapitisha ukucha kwenye mstari mmoja mrefu ubavuni. "Huu ni mrefu kwenda chini. Kuutoa nitakula chuma mpaka hapa," akaonyesha, na hapo palikuwa karibu na tundu la pini ya ukanda.

Kumbe muda wote tulikuwa tunagombana juu ya rangi. Binamu akauliza swali moja tu, kama inawezekana kupaka bila kukwangua. Fundi akamwambia inawezekana, ukipata mahali, na itatoka nyeusi yenye mistari yote ya mzee ndani yake. Binamu akaikaa kimya hiyo, akairudisha saa mkononi. Fundi akamwambia aivue kwanza, betri imebakisha kidogo na mpira wa mgongo umekufa, maji yataingia. Ilikuwa mia nne na hamsini. Tukalipa.